Kiti cha Nyuma cha Mama Shunpei

Shunpei alipopiga simu kutoka Fukuoka kusema anataka kuwatoa wazee wake wakapate hewa safi, mama yake alijua papo hapo kwamba anakuja kuchukua gari. Mtoto wa mjini hasafiri Jumapili nzima kwa ajili ya hewa. Baba mtu naye alijua, maana aliamka alfajiri akakiosha kile kigari chake mpaka ndani ya matairi, kisha akavaa tai. Tai, jamani, ya kwendea kuutazama Mlima Aso, ambao moshi wake anauona kila asubuhi akipiga mswaki.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Yaichiro alikuwa amepita miaka themanini, na mwaka ule alikuwa amekwisha kugonga ua wa jirani na sanduku la posta, na vyote viwili, kwa maelezo yake, vilikaa vibaya. Shunpei alitaka baba yake aende polisi akairudishe leseni kwa hiari, kama wazee wenzake wanavyofanya. Akiirudisha, gari linauzwa, na basi la kijijini kwao siku hizi linapita likijisikia. Asipoirudisha, iko siku atashuka bondeni bila kufuata barabara. Hapo ndipo ubishi ulipokwama, na katika ubishi huo hakuna aliyekuwa amemuuliza neno Fusae, mama yake Shunpei, anayekaa kiti cha nyuma.

Na Fusae alikuwa na jibu ndani ya pochi. Alikuwa na leseni, tena ile yenye mstari wa dhahabu, wanayopewa madereva wasio na kosa hata moja. Yeye hakuwa na kosa kwa sababu tangu amzae Shunpei hakuwahi kushika usukani mpaka mwaka ule. Serikali haikujali hilo, inahesabu makosa tu. Kwa hiyo kwenye karatasi alikuwa dereva bora kuliko mumewe na mwanawe wote wawili. Na tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akipanda basi kwenda mjini kujifunza upya kwenye shule ya udereva. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda darasa la kupanga maua, na kila akirudi alinunua shada karibu na stendi. Mzee alilitazama shada, akasema mkono wa mkewe kweli unazidi kukomaa.

Leo nitasema, Fusae alijiapiza. Gari libaki, niendeshe mimi.

Lakini aseme saa ngapi? Nyumba ile jambo zito halisemwi, linazungukwa. Walipoanza kupanda vilima, nyasi zimeshakuwa za fedha na ng'ombe wekundu wanakula majani pembeni, Shunpei akaanza kumsifu mzee Kawabe wa bonde la pili. Alirudisha leseni kwa moyo mweupe, akapewa punguzo la teksi, na uso wake ukawa na amani.

"Ndiyo," baba yake alisema, macho barabarani. "Tulimzika na amani hiyo kiangazi."

Kona kadhaa zikapita. Kisha mzee naye akawasifu watu wa mjini, wenye bahati ya kuwa na treni nyingi hata mwanamume anazeeka bila kulazimika kujua kuendesha vizuri. Fusae alifungua mdomo, akaufunga. Kuwakatiza wanaume wanaotukanana kwa adabu namna ile ni sawa na kutangulia kwenye maji ya kuoga kabla ya mgeni.

Huko juu walikuta njia ya kwenda kwenye shimo la mlima imefungwa kwa sababu ya gesi ya volkano. Shunpei akapiga picha ya kibao cha kufungwa. Mzee akasema mlima ule nao ni mzee, unakohoa na kutema mate, na bado hakuna mtu aliyeuambia urudishe chochote. Fusae akacheka kwa adabu. Nafasi nyingine ikampita hivyo hivyo.

Wakateremka, wakasimama kwenye soko la kando ya barabara kwa ajili ya choo. Aliporudi chooni, wanaume wameshakaa mbele, Fusae alifungua mlango wa nyuma, ule unaoteleza na kujifunga wenyewe, akaweka mkoba wake kitini. Hapo akakumbuka majirani. Utatembeaje siku nzima urudi mikono mitupu? Akageuka na pochi yake kwenda kununua vitumbua vya maharage. Nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, na wanaume wale wawili, waliosikia mlango umefungwa, wakaondoka.

Alitoka na maboksi matatu akaiona taa ya gari ikimulika kulia, kwa nidhamu kabisa. Watagundua pale getini, alifikiri. Basi watagundua kwenye kona. Simu ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa safarini. Hasira zikampanda, wala hazikuwa hasira za siku moja. Akanunua aiskrimu ya maziwa, akaketi kwenye benchi, akaila yote.

Waliporudi, Shunpei aliinama karibu agonge magoti, na tai ya mzee ilikuwa imehamia begani. Walikuwa wamefika mpaka kwenye chemchemi ya maji ya moto, walikokusudia kuoga, wakamfungulia mlango ashuke, wakaukuta mkoba.

"Njia yote hiyo?" Fusae aliuliza. "Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Habari zako, Mama," Shunpei alisema, na aibu ikamfanya aseme kweli. "Nilisema gari linakuhatarisha wewe. Nikakuuliza, Mama, si unakubaliana nami? Ukanyamaza. Nikajua umekubali."

"Mimi pia nilimuuliza," mzee akadakia. "Nikasema, Mama Shunpei, wewe si uko upande wangu? Akanyamaza. Nikajua yuko upande wangu."

Fusae aliwatazama mmoja mmoja.

"Na huko nyuma, miaka yote," alisema, "nimekubali mangapi namna hiyo?"

Akafungua pochi, akatoa leseni na risiti za shule ya udereva, akaziweka mbele ya macho yao, kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Mzee akampa, huku midomo yake ikitamka neno maua bila sauti. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Fusae alikuwapo maisha yake yote na lake halikuwapo. Siku aliyokosekana ndiyo siku aliyopewa lake.

Aliyaweka maboksi ya vitumbua kiti cha mbele, hivyo wanaume wakabanana nyuma. Akarekebisha kioo, akafunga mkanda, akawasha gari.

"Mpo?" aliuliza.

"Tupo, Mama," alisema Shunpei.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Fusae alimwona vizuri kiooni, lakini hakuachia breki. Alingoja, magari mawili yakimngoja yeye, mpaka mumewe alipojikohoza na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yupo.