Jina Alilompa Mwenzake

Darasa la umeme wa majumbani lilikuwa na wanafunzi ishirini na watatu, na msichana alikuwa mmoja tu. Siku ya kwanza alipoingia karakana, mwalimu alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akamwambia darasa la ushonaji liko jengo la pili, akitoka hapo akate kulia. Wavulana waliangua kicheko. Msichana akajibu kwa sauti ya chini kwamba analijua, maana ndiko alikoulizia njia ya kuja huku. Akavuta kigoda, akakaa.

Ilipita miezi minne kabla hajaruhusiwa kupanda ngazi. Kila kulipokuwa na kazi ya dari, aliambiwa ashike ngazi chini, wavulana wapande. Alishika mpaka viganja vikaota sugu. Kisha siku moja mvulana aliyekuwa juu alichanganya nyaya, fyuzi ikakatika, karakana nzima ikawa giza. Msichana akazima swichi kuu, akapanda bila kuambiwa na mtu, akazipanga nyaya upya, akashuka akabadilisha fyuzi. Taa ziliporudi, mwalimu alikuna kichwa.

"Huyu ni kifaa," akasema. "Huyu si mwanamke bwana, ni mwanamume kamili."

Tangu hapo chuo kizima kilimwita Kifaa, na yeye akalipokea jina kama mtu aliyepewa zawadi. Hata kaka yake, ambaye kila jioni alimuuliza kama ataolewa na nguzo ya umeme, siku hiyo alijibiwa kwamba nguzo angalau haina maneno mengi. Mama yao alicheka mpaka akakaa chini.

Karakana ilifanya kazi wawili wawili, na mwenzake Kifaa alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa fundi mwashi. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, hata ukitaka kumsikia ilibidi uache unachofanya. Alikuja na kitambaa chake cha kufutia vifaa, na pembeni amekitarizi maua kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu akifoka, macho yake yalijaa machozi hata kama aliyefokewa si yeye. Lakini mpe boksi la fyuzi. Kwanza alikaa akilitazama kama mtu anayesoma barua, kisha akaanza, na akimaliza nyaya zimelala zimenyooka, zimekunjwa kona sawasawa, ungedhani zimepigwa pasi.

Siku ya jaribio la muhula kila mmoja alifunga boksi lake peke yake. Mwalimu akapita meza hadi meza. La Kifaa alilitikisa, akalirudisha mezani bila neno. La mwenzake alilinyanyua juu, akazunguka nalo darasani, akisema kila mtu afungue macho aone kazi.

"La nani hilo?" akauliza mmoja kutoka nyuma.

Kifaa alijibu kabla hajajua kama ataongea. "La nani mwingine? La Bibi Harusi. Hamwoni alivyolipamba?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho. Mwenzake naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na anangoja aliyemkanyaga ageuke aseme pole. Kifaa hakugeuka. Aliinama akajifanya anatafuta bisibisi.

Kufika Ijumaa jina lilikuwa limeshazoeleka. Waliliandika kwa chaki kwenye meza yake. Akiingia asubuhi walimpigia vigelegele. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kupendwa na vijana, alianza kulitumia anapoita mahudhurio. Kifaa alicheka nao wiki ya kwanza, ya pili akanyamaza. Na ule unyamavu ulimfaa. Aliona, wala hakujidanganya, kwamba tangu darasa lipate wa kumcheka, hakuna tena aliyemwelekeza yeye jengo la pili.

Siku moja wakiwa wanachuna nyaya, mwenzake alisema bila kuinua uso, "Kifaa, lile jina, wewe ukiwaambia waache watakusikia."

"Utani tu huo," Kifaa akajibu. "Ukinuna ndio wanazidi. Jikaze kiume."

Neno lilipomtoka alilisikia. Lilikuwa limetoka kwenye mfuko ule ule na yale maneno ya siku ya kwanza, ya kuonyeshwa njia ya ushonaji. Angeweza kulirudisha, maana walikuwa wawili tu na mwenzake alikuwa bado ameinama. Lakini aliendelea kuchuna waya, na mwenzake naye akaendelea.

Muhula uliofuata walipelekwa kufanya mazoezi kwenye jengo la ghorofa tatu lililokuwa bado linajengwa. Waashi walikuwa chini wanachanganya zege, wanafunzi ghorofa ya pili wanapitisha mabomba ya nyaya ukutani. Mchana, baada ya kula, mwenzake alijilaza juu ya mifuko ya saruji, usingizi ukamchukua. Wavulana watatu waliokota karatasi ya nailoni iliyokuwa imefunika madirisha, wakamfunika kichwani kama shela. Wa nne alifunga vipande vya nyaya za rangi rangi, vikawa kama shada la maua. Aliposhtuka, wawili walikuwa wameshamshika mikono, na simu zilikuwa juu.

Kifaa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika drili. Aliona yote. Mwenzake naye alimwona, akamtazama kupitia ile nailoni.

"Kifaa, sogea bwana, unamziba bibi harusi," akasema mwenye simu.

Kifaa akasogea.

Hatua mbili tu, kushoto. Baadaye, katika miaka yote iliyofuata, angeweza kusahau sura za waliomshika mwenzake, hata ya aliyepiga picha, lakini zile hatua mbili hakuzisahau.

Picha ilitoka simu hadi simu. Waashi wa chini waliipata, wakaicheka, wakawatumia waashi wenzao, na waashi wa mji mmoja wanajuana. Siku ya pili yake asubuhi ilimfikia baba mtu akiwa kazini, imetumwa na mtu ambaye hakujua anamtumia picha ya mwanawe.

Jumatatu kigoda cha mwenzake kilikuwa kitupu. Wiki ya tatu mwalimu alipiga mstari kwenye daftari la mahudhurio, akasema amejifuta mwenyewe. Kifaa alimwomba karani wa chuo amwelekeze nyumbani kwao yule kijana, na Jumamosi alasiri akaenda.

Ilikuwa nyumba ya matofali ambayo haikupigwa plasta, kama nyumba nyingi za waashi, ambao mikono yao huishia kwenye nyumba za watu. Mama mtu alifungua mlango huku akijifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alimtazama kidogo, uso ukamchangamka. "Wewe ndiye Kifaa?"

"Ndiyo, mama."

"Karibu, karibu ndani. Alikuwa akikutaja kila siku huyu. Anasema kule kuna msichana hatishwi na mtu."

Kifaa aliketi ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuomba kazi. Mwenzake alitoka chumba cha nyuma. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa saruji, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Mama alieleza kwamba siku hizi anabeba zege na baba yake, kisha akaenda jikoni akawaacha.

Walikaa. Mwenzake ndiye aliyeanza.

"Unajua nilimwomba mwalimu anipange na wewe?"

"Sikujua. Kwa nini?"

"Nilikuona siku ile ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu naye wanamwambia hapa si pake. Nikadhani tutaelewana."

Kifaa alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Alitazama sakafu. "Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe." Alilisema upesi, kama mtu anayetaka mgeni asiumie.

"Utarudi?"

"Hapana."

"Nitasema nao. Nitasema na mwalimu."

"Sema nao, ni vizuri. Lakini mimi sirudi. Nikishika waya nawasikia. Hata hapa, nikibadilisha balbu, nawasikia."

Baba mtu akaingia, mwanamume mpana, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mwenzake aliinuka papo hapo, akaingia ndani bila kuaga. Kifaa akasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

Angeweza kusema ni mwanafunzi mwenzake, na isingekuwa uongo. "Mimi ndiye niliyempa lile jina," akasema.

Yule mzee hakufoka. Alikaa, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, taratibu, kimoja kisha kingine.

"Wewe ulimwita hivyo huko chuoni," akasema. "Mimi nilimwita hivyo hapa, kwenye meza hii, mama yake akisikia. Siku ile picha ilipofika, wenzangu walinicheka kutwa. Nikaja nikamtwika yeye mzigo wangu." Aliweka viatu pembeni. "Tangu siku hiyo haniangalii usoni. Kazi ninayompa anafanya yote, hakatai. Ila haniangalii."

Kifaa akakaa tena ukingoni mwa kiti.

"Nikuulize," yule mzee akasema. "Huko chuoni, kazi alikuwa anaijua?"

"Alituzidi sote, baba."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea pole za msiba.

Njiani kurudi Kifaa alitembea kwa miguu, ingawa kwao kulikuwa mbali. Alikuwa na mengi ya kujiuliza. Alikumbuka furaha yake siku alipoambiwa yeye ni mwanamume kamili, na kwamba hakuona tusi lililokuwamo ndani yake. Mwaka mzima aliamini anapigania haki, na kumbe alikuwa anataka kuruhusiwa kuwa tofauti peke yake. Hakuna aliyemnyima mwenzake ngazi wala drili. Walimnyima tu kuwa mpole, na yeye, aliyejua ladha ya kunyimwa, ndiye aliyewaonyesha pa kumshika.

Jumatatu alimwomba mwalimu dakika tano, akasimama mbele ya darasa. "Nilimwita vile kwa sababu boksi lake lilikuwa zuri kuliko langu," akasema. "Hakuna sababu nyingine. Na siku ya picha nilisogea mkapata nafasi. Hamjui mlichomfanyia, na mimi nilijua." Wengine waliinama. Mmoja wa nyuma akasema Kifaa kimeharibika, wachache wakacheka, kicheko kikafa njiani. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani. Kisha akawaambia watoe vifaa.

Baada ya wiki mwalimu alimwita pembeni, akamuuliza kwao yule kijana ni wapi. Alikwenda, akarudi siku hiyo hiyo, shati limelowa jasho. Hakumkuta. Kijana alikuwa ameondoka siku mbili kabla, asubuhi baba yake akiwa kazini, akaenda kwa mama yake mdogo mji mwingine. Mwalimu alieleza hayo amesimama, akachukua daftari la mahudhurio, akalifungua pale penye ule mstari, akalifunga tena. Siku ile hakufundisha. Aliwaachia zoezi, akakaa nje kwenye ngazi za karakana mpaka saa ya kutoka.

Kifaa alihitimu, akapata kazi kwa mkandarasi. Alikuwa kwenye nyumba ya watu, anaunganisha taa ya baraza, simu ilipoita. Alikuwa mama wa yule kijana, waliyeachiana namba ile Jumamosi alipokwenda kwao. Waliulizana hali. Mama akamwambia kijana yuko salama, mama yake mdogo amesema anashona vitambaa vya makochi kwenye duka moja, na wateja wanamsifu. Ila haongei sana, na simu hapigi.

"Unisalimie mwenzangu, mama," Kifaa akasema. "Mwambie namkumbuka."

"Nitatuma salamu kwa mdogo wangu, mwanangu. Kama atajibu, sijui." Kukawa na minong'ono upande wa pili, sauti nzito ya mwanamume ikiuliza kitu. "Baba yake yupo hapa, anauliza kama mwanetu amewahi kukutumia wewe hata neno moja."

"Hapana, mama. Hajawahi."

Alisikia mama akigeuka kumwambia mumewe, kisha kiti kikisogezwa.

"Basi," mama akasema. "Na baba yake pia bado."