Jiwe Lililokataa Moto

Jiwe la Ismaël lilikwaruza kioo. Cécile aliutazama ule mchirizi, akahisi akili inamruka. Tangu aanze kazi ya maabara, jiwe la mkojo halijawahi kumfanyia ujeuri wa namna hii.

Aliligonga, akasaga chembe zake, akazipasha moto, zikabaki vilevile. Akadondoshea asidi, hapakutoka hata povu. Akaongeza amonia, akingoja rangi ya zambarau inayoyaumbua mawe ya asidi ya yuriki. Wapi! Labda dawa zimechacha, alijiambia, maana tangu vita vianze kaskazini shehena zilikuja kwa kusuasua. Akajaribu jiwe la zamani lililokuwa kabatini: zambarau ikachomoza bila ubishi. Hapo kichwa kikamvurugika zaidi.

Ismaël, fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, alikuwa apasuliwe leo, kwani figo lake moja lilikwisha kuvimba. Jana mkewe, Mukankusi, akaleta jiwe hilo, akasema mumewe amelikojoa kwenye kitambaa cha kuchujia walichopewa. Upasuaji ukaahirishwa. Ilibaki kujua ni jiwe la aina gani, apewe dawa, aende zake nyumbani.

Cécile alimwita Mukankusi kando.

"Mama, jiwe hili limetoka wapi?"

Mukankusi alikivuta kitenge chake mabegani. Machozi yakamlengalenga.

"Kwa maharagwe," alisema hatimaye. "Nilikuwa nachagua maharagwe, nikaiweka kwa kitambaa. Ndugu yake walimupasua, hakurudi. Niko naogopa, muganga. Na yeye akaiona tu, maumivu ikaisha! Amelala muzuri. Umuache, ndakwinginze, nakuomba sana."

Cécile hakujua ashike lipi. Maumivu ya figo yanaishaje kwa kokoto ya maharagwe? Alimwonea huruma yule mama, papo hapo akatamani kumfokea. Akaingia wodini akajionee mwenyewe.

Ismaël alikuwa amekwisha kuvaa shati la kurudi nalo nyumbani, anatabasamu. Lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kitanda, na kola imelowa jasho.

"Najua haikutoka," alinong'ona kabla hajaulizwa. "Inauma kupita juzi. Lakini usimwambie mke wangu, muganga. Tangu alete ile jiwe, ameanza tena kula."

Mlangoni Mukankusi aliwapungia mkono, uso umemchangamka. Cécile, pasipo kujua kwa nini, naye akapunga.