Pizza ya Kumpongeza Wifi

Habari yenyewe Mama Kibonge aliipata kwa msusi, kichwa kimesukwa upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama kana kwamba nazo zimesikia. Eti mtaa wa nyuma yuko mlezi anayewapaka watoto pilipili vidoleni ili waache kunyonya. Mtoto akijisugua macho, shauri yake.

"Nani kamwona?" aliuliza Mama Kibonge.

"Wanasema," alijibu msusi, akavuta msokoto mpaka nyusi za mteja zikapanda.

Huyo Wanasema hana nyumba ukaenda kumbishia hodi umuulize vizuri. Lakini habari ile ilimganda Mama Kibonge kama ruba. Alikuwa mwoga tangu zamani. Mumewe, fundi wa mafriji, alizoea kumtania kwamba anafungua mwavuli kwa mvua ya mwakani. Na huyo Kibonge wao, mtoto wa pekee, mashavu kama maandazi, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa hatoi kidole gumba mdomoni ila kwa chakula.

Mchana, mama akiwa anapiga pasi kwa dobi, Kibonge alilelewa na shangazi yake, mdogo wa baba yake, aliyekuwa akikaa nao. Mikono ya wifi huyu ilikuwa na baraka: mtoto alie vipi, akishikwa naye hunyamaza. Basi shule ya chekechea ya jirani ikasikia sifa zake, ikampa nafasi ya ulezi, aanze Jumatatu. Nyumba nzima ilifurahi. Jumamosi Mama Kibonge akasema, leo nampongeza wifi yangu kwa kile anachokitamani kwenye simu kila siku: pizza ya mtindo wa Texas na Meksiko. Ile ambayo hawapaki rojo ya nyanya, wanapaka maharage yaliyopondwa, juu yake nyama ya kusaga yenye binzari nyembamba, mahindi, jibini, na pilipili kali, nene, za kijani, zilizokatwa duara.

Aliamka akakanda unga, akaufunika uumuke. Nyama ikachemka na vitunguu na saumu. Wifi akachungulia jikoni, Kibonge kamkalia kiunoni.

"Wifi, hii pizza au shamba la maharage?"

"Cheka tu. Ukionja utajiuma vidole."

"Kuuma vidole ni kazi ya mwanao huyu. Mtazame! Kidole kimekuwa cheupe kama cha mfua nguo. Nipe pilipili moja hapo tumpake, leo hii ataacha."

"Thubutu!"

"Natania, wifi. Mbona umekodoa macho?"

Wifi akacheka, akamlaza mtoto chumbani, akatoka uani kuanika nguo. Mama Kibonge hakucheka. Maneno ya msusi yalikuwa yamepata pa kukaa.

Akashika pilipili. Alizikata vichwa, akakwangua mbegu kwa ukucha wa kidole gumba, maana kijiko kilikuwa kwenye maharage na yeye alitaka kumaliza haraka. Kabla hajamaliza, Kibonge akaamka. Mama akapitisha mikono bombani, maji matupu, akajifuta kwenye gauni, akaenda kumchukua. Akamtoa kidole mdomoni kama anavyomtoa kila siku, kwa vidole vyake mwenyewe. Akamfuta kamasi. Akamtoa tongotongo. Kisha akaita, "Wifi, njoo mpokee huyu, unga unafurika!" akamkabidhi, akarudi jikoni.

Kosa lilifanyika hapo, mchana kweupe, na halikuonekana na mtu.

Haikupita muda, yowe likapasuka uani. Halikuwa yowe la njaa. Mama Kibonge alitoka mbio, akamkuta mtoto anajirusha mikononi mwa shangazi yake, jicho moja jekundu, midomo imevimba. Wifi alikuwa anammwagia maji kutoka ndoo ya nguo.

"Sijui nini kimemwingia! Alikuwa anacheza tu!"

Mama akamnyakua. Akamnusa kidole. Akakilamba. Kikamwasha ulimi.

"Umempaka!"

"Nimempaka nini?"

"Pilipili! Si umesema mwenyewe sasa hivi? Si ulikuwa unacheka?"

"Wifi, nilitania. Nitampakaje mtoto niliyemlea? Pilipili ziko jikoni kwako, mimi niko uani na nguo mbichi."

"Usinizungushe!"

Baba Kibonge alitokea na bisibisi mkononi. Akamwangalia mtoto, akamwangalia mkewe anayelia, kisha akamgeukia dada yake. "Sema kweli," akamwambia. "Ulifanya nini?"

Hayo ndiyo yaliyomwondoa. Ya Mama Kibonge angeyavumilia, wifi ni wifi. Akamtazama kaka yake, "Hata wewe, kaka?" akaweka vibanio vya nguo juu ya ukuta, akaingia ndani, akatoka na begi. Nguo nusu zilikuwa kwenye kamba, nusu kwenye beseni.

Walimsafisha Kibonge kwa maji mengi safi mpaka akatulia, kisha baba yake akampeleka zahanati. Muuguzi akasema jicho ni zima, ukali utaisha wenyewe. Wakati huo mama alikuwa amebaki na simu. Kifua kilikuwa kinamwenda juu, mikono haitulii. Akabonyeza, akarekodi sauti ya kutuma kwenye grupu la akina mama:

"Akina mama wenzangu, jihadharini. Yale tuliyoyasikia ni kweli, mimi yamenikuta ndani ya nyumba yangu. Na huyo aliyempaka mwanangu pilipili ndiye anayeanza Jumatatu pale chekechea."

Akatuma. Akaona amefanya jambo la mama.

Kibonge aliporudi alikuwa amelala begani kwa baba yake. Unga nao ulikuwa umeumuka mpaka umesukuma mfuniko, na Mama Kibonge hakuwahi kutupa chakula. Akausukuma, akapaka maharage, akatandaza nyama na mahindi, akanyunyiza jibini, akapanga zile duara za kijani, akatia kwenye oveni. Machozi ya hasira yalikuwa bado yanamlengalenga. Akayafuta kwa kidole.

Ilikuwa kama jicho limeguswa na kaa la moto. Akapiga kelele, akakimbilia bomba, akasugua, likazidi kuwaka. Baba Kibonge akaja, akamkuta jicho jekundu, limevimba, sawasawa na la mtoto.

"He! Na wewe nani kakupaka?" akauliza.

Alikuwa anatania, maskini, anataka kulainisha siku. Mama Kibonge akajibu haraka, "Kitunguu." Mumewe akaondoka. Kitunguu kilikuwa kimekatwa asubuhi.

Akabaki anatazama ukucha wake. Ndani yake palikuwa na ukoko mwembamba wa kijani, na mbegu moja imejibana pembeni. Hapo akauona mkono wake ukimtoa Kibonge kidole mdomoni. Akauona ukimfuta jicho. Watu husema pilipili usiyoila yakuwashiani. Yeye aliishika, ikamwasha mwanawe, akaikabidhi kwa mtu mwingine.

Alikuwa tayari kusema ukweli? Hapana, hakuwa tayari. Kwanza alijiambia wifi ameshaondoka. Akajiambia mtoto mzima, yaishe. Nani atajua? Akanawa kwa sabuni, akafungua simu afute ile sauti kimyakimya. Akaifuta. Chini yake majibu yalikuwa yamejipanga.

"Pole sana, Mama Kibonge. Nimeshamtumia mwalimu mkuu."

"Mimi nimeipeleka grupu la kanisani na la mtaani."

"Asante kwa kutuokolea watoto wetu. Mama ni wewe."

Hilo la mwisho alilisoma mara mbili. Akaweka simu chini. Harufu ya pizza ilijaa nyumba, nzuri kweli, na mumewe alikuwa amekata kipande, anapuliza, anasema, "Basi leo umepatia, mke wangu." Mama Kibonge akamwambia yote, amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Baba Kibonge alirudisha kipande kwenye sahani. "Mimi nimemwambia dada yangu aseme kweli," alisema taratibu. "Na alikuwa ameshaisema."

Jioni ile ile mama alimbeba Kibonge mpaka kwa fundi cherehani, rafiki wa wifi, ambako wifi alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo katikati ya vipande vya vitambaa. Kibonge alipomwona akanyoosha mikono yote miwili, anaita kwa sauti yake ya kitoto. Wifi hakumpokea. Alificha mikono yake chini ya mapaja.

"Mpokee, wifi. Nimekosa. Ni mimi, ni mikono yangu."

"Simshiki."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimesikia. Ila akilia tena utasema nini? Mlikubaliana haraka sana, wifi. Haraka mno. Hata hamkunusa mikono yangu."

Mama Kibonge akatoa simu palepale, akatuma sauti ya pili, akasema ni yeye, akaeleza mpaka ukucha. Walioisikiliza walikuwa wachache. Jumatatu alikwenda mwenyewe chekechea. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maji, akasema, "Mimi nakuamini, mama. Lakini wazazi wamenipigia tangu juzi. Sauti ya kwanza wanayo wote. Ya pili wananiambia umeisema kwa sababu ni ndugu." Nafasi ikapewa mtu mwingine.

Wifi sasa anashona vifungo kwa rafiki yake. Jumapili huja kusalimia, hula, hucheka na kaka yake. Kibonge akimkaribia, yeye hunyanyua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, na kila mtu hujifanya anacheka. Mama Kibonge hutazama sahani. Na kila mwanamke anayemuuliza namna ya kupika pizza ile, humpa kwanza haya, ndipo ampe vipimo vya unga.

Mambo ya kuepuka:

Usikate pilipili ukiwa peke yako na mtoto mdogo. Kata mwisho kabisa.

Usikwangue mbegu kwa ukucha. Tumia kijiko, hata kama kiko kwenye maharage, kioshe.

Usitegemee maji matupu. Paka mafuta ya kupikia mikononi, kisha sabuni, kisha rudia.

Usijiguse macho. Usimguse mtoto uso siku hiyo, mwite mwenzio.

Mtoto akiwashwa jichoni, usisugue. Mwagie maji safi, mengi, mpeleke zahanati.

Usipake maharage yenye maji, unga hauivi chini.

Usirudie neno la mtu ambaye humjui jina.

Usitume sauti huku unatetemeka. Weka simu chini, nawa mikono kwanza.

Usimuulize mtu mbele ya ndugu zake amefanya nini, kama hujajiuliza wewe umeshika nini.

Usiache oveni bila mtu.