Ujumbe wa Kuwaamsha Wavivu

Kabla ya ile semina nilikuwa na tabia moja ambayo wenye jimu za mazoezi wenzangu waliicheka: mteja akikosa siku mbili, nampigia simu. Tena si kwa upole. "Uko wapi wewe? Umeoa kitanda?" Watu walinuna, wakalalamika, na kesho yake wakaja na viatu mkononi.

Semina yenyewe ilikuwa ya siku tatu, ya wenye jimu tu. Mkufunzi alikuwa bwana mmoja mwenye shati la kubana ambaye sidhani kama aliwahi kubeba hata ndoo ya maji. Alisema mwenye jimu anayeshinda ukumbini na wateja hatakuza biashara. Alisema mteja asimtegemee mtu, autegemee mfumo. Nikaandika kila neno. Simsingizii, alisema nilichotaka kusikia. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na minne, mgongo umechoka, na nilitamani kuitwa mkurugenzi kabla sijazeeka.

Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja, mshonaji, tuliyemwita Fundi. Alishonea mtaa mzima mpaka kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia. Daktari alimwambia miezi ya mwanzo ndiyo ya kuukomboa mkono ule. Ikishapita, asitarajie makubwa. Kila asubuhi saa nne nilimkalisha kwenye benchi, nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikampa mpira auminye. Siku aliyoshika kipande cha kitambaa bila kukiangusha, akaniambia anataka kurudi kwenye cherehani yake, hana lingine analolitaka duniani. Machozi yalimtoka, nami nikajifanya nafuta mashine.

Niliporudi kutoka semina nilimkabidhi kwa kocha mpya, pamoja na karatasi ya mazoezi. Simu nikaacha kupiga. Nikaweka programu kwenye kompyuta, inayojua nani hajaja na kumtumia ujumbe yenyewe. Maneno niliyatunga mimi, kichwa kikiwa bado na moto wa semina, na nikajipongeza.

Wiki ya saba baada ya semina, nikipitia majina ya watoro, nikaliona la Fundi. Alikuja siku tatu tu baada ya mimi kumwachia mwingine. Kocha mpya akasema alidhani mzee anatibiwa hospitali. Sikuweza hata kumgombeza, kwa sababu kwenye karatasi yangu hapakuwa na mstari unaosema mtu akipotea atafutwe. Nikafunga ofisi, nikaenda.

Mkewe ndiye aliyenifungulia. "Karibu, Kocha. Alikungoja sana."

"Mama, kwa nini aliacha?"

"Yule mwenzako alimtaka arudie mara kumi na tano. Akaishia mara tatu, watu wanamtazama, akaona haya. Tukasema, wewe utapiga tu simu, utamfokea, atarudi. Ikaja hii."

Akanipa simu ya mumewe. Ujumbe ulikuwa uleule, umerudiwa kila wiki: "Hakuna kisingizio! Mkono legevu ni wa mtu asiyejituma. Amka, mvivu!"

"Hii inatumwa na kompyuta," nikasema. "Inakwenda kwa kila mtu."

"Lakini mwenye mkono legevu ni yeye," akasema mama, akanionyesha mlango wa chumba.

Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha, kavaa fulana safi. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani. Nikapiga magoti nikaanza na kidole cha shahada. Nilikinyoosha, nikakiachia, kikarudi kiganjani. Nikajaribu tena, kikarudi vilevile.

"Maneno yale niliyaandika mimi," nikamwambia. "Sikukufikiria. Nisamehe."

"Najua hukunifikiria," akajibu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

"Kesho nitakuja mwenyewe. Tutaanza upya, polepole, kila siku, mpaka ushike mkasi."

Akatikisa kichwa. "Cherehani nimeshaiuza, Kocha. Walikuja kuichukua jana."

Niliendelea kumnyoosha vidole, naye akaniachia mkono, kama mtu anayemvumilia mgeni.