Resty Wawili

Resty wa Masaba, Busia, alifika uwanja wa ndege wa Entebbe na tiketi ya kwenda Lusaka tu. Alikuwa akienda kwa mdogo wake Prossy, aliyejifungua majuzi, kisha warudi nyumbani pamoja kwa basi.

"Mama, bila tiketi ya kutoka Zambia siwezi kukuruhusu upande," alisema dada wa kaunta kwa upole.

Resty akampigia Prossy simu. Punde picha ya tiketi za basi ikaingia. Yule dada akazisoma, akatabasamu.

"Zinatosha. Lakini hapa naona Resty wawili."

Resty aliyatazama majina kwenye tiketi, kisha akaelewa. Mtoto alikuwa amepewa jina lake. Akacheka huku machozi yakimtoka, hata waliopanga foleni nyuma yake wakacheka naye.