Duara Limejaa

Shule binafsi aliyokuwa akifundisha kompyuta ilipofungwa, Nyamizi alikataa kutafuta shule nyingine. Kwa mwaka mzima alikuwa amejifundisha kazi mpya: kuzifanya biashara zionekane juu pale mtu anapotafuta kitu Google. Kaka yake Thobias, aliyempa chumba kwake Geita mjini, alimwambia hiyo si kazi, ni mchezo wa watu wa Dar es Salaam. Nyamizi akamjibu kwamba Geita nako watu wana simu, akabeba kompyuta yake akatoka.

Wiki ya kwanza aliingia maduka kumi na tisa. Mwenye duka mmoja alidhani anasajili laini. Mwingine alidhani ametumwa na watu wa kodi, akaufunga mlango wa stoo. Waliobaki walimsikiliza kwa adabu, wakasema wateja wao wanawajua tangu zamani.

Aliyempa nafasi alikuwa Mzee Swaleh, mwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi. Alimwagizia chai, akamwacha aeleze mpaka mwisho. Kisha akasema anachotaka. Ng'ambo ya barabara Mama Raudha alikuwa amefungua nyumba ya wageni mpya, na wateja walikuwa wanahamia huko. Swaleh alitaka Nyamizi abuni majina ya wageni, aandike mtandaoni kwamba kwa Mama Raudha kuna kunguni na vitu vinaibwa. Akikubali, kazi ya mwaka mzima ni yake.

Nyamizi hakuwa na mteja hata mmoja, na Thobias angemuuliza jioni.

"Nyumba yako nitaipandisha, mzee," alisema. "Ya mwenzako siishushi."

"Binti, mji huu mdogo. Nikisema neno, hupati kazi hapa."

"Basi sema. Kesho nitapita mtaa huuhuu."

Kweli Swaleh akalisema neno lake. Baada ya siku mbili mtaa mzima ulimwita Nyamizi tapeli. Muuza vipuri mmoja hakuitikia hata salamu yake. Thobias alizisikia habari hizo kazini kwake, akamsihi aombe ualimu katika shule moja ya Songwa kabla jina lake halijaharibika zaidi. Nyamizi aliingia chumbani akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Asubuhi akapiga pasi gauni alilokuwa akifundishia, akarudi mtaa uleule, akisalimia kila mlango, waliojibu na wasiojibu.

Alisimama kwa Donatus, fundi wa pampu za kuvuta maji migodini. Donatus alimwambia waziwazi kwamba ameonywa juu yake.

"Usiniamini, fundi," Nyamizi alisema. "Chukua simu yako, jitafute kama vile wewe ni mteja."

Donatus akaandika. Yakatokea maduka ya Mwanza, kisha moja la Dar. Akatafuta tena, akidhani amekosea herufi. Alikuwa ametengeneza pampu Geita kwa miaka kumi na minne, na jina lake halikuwepo popote. Aliiweka simu juu ya meza, akasema atampa mwezi mmoja.

Nyamizi hakukimbilia kompyuta. Alikaa siku tatu pale karakana juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika wateja wanavyosema. Wachimbaji shimo lao huliita duara, na hakuna aliyefika akauliza huduma za pampu. Walisema duara limejaa, mashine haivuti, mota imeungua. Maneno hayohayo akayaweka kwenye ukurasa wa Donatus, pamoja na picha za kazi zake, namba ya simu na ramani ya kufika.

Wiki mbili zikapita kimya. Donatus akaanza kumjibu kwa mkato. Nyamizi aliendelea kuja kila asubuhi, akiondoa neno hili na kuongeza lile.

Siku ya kumi na saba namba ngeni ikaita kwenye simu ya Donatus. Alikuwa Maige, mchimbaji wa Kharumwa. Alimsalimu Donatus kwa Kisukuma, akaeleza kwamba maji yamewafukuza duarani.

"Nani alikuelekeza kwangu?" Donatus aliuliza.

"Hakuna. Niliandika duara limejaa, ukatokea wewe."

Donatus akaomba arudie, safari hii sauti ya simu ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na jirani zake wawili wakatoka kusikiliza. Kesho yake alifunga vifaa vyake kwa safari ya Kharumwa, akamwambia Nyamizi waende wote, maana huko kuna watu wenye kazi.

Pampu ilipoanza kuvuta, Maige akampeleka Nyamizi kwa Martina, mama mwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Martina aliuliza maswali mengi na makali, kisha akamtaka Nyamizi aanze sasa hivi, yeye akimwona. Mtandao ulikamata mahali pamoja tu, juu ya lundo la mawe yaliyosubiri kusagwa. Wachimbaji wakamwonya asipande, ataanguka. Nyamizi alivua viatu, akapanda na kompyuta kwapani, akaketi juu kabisa, akaanza kazi.