Punje za Ukumbi wa Semina

"Mfungie kuku wako!" Bi Mkogo alifoka, mkono kiunoni. "Jana kanisahihisha mbele ya wageni wangu!"

"Kakusahihisha nini tena?" Mama Vumbi aliuliza kutoka upande wake wa ukuta, kama vile hajui.

"Nimemwambia mgeni angoje. Akarukia ukutani hapo, akasema mtu haambiwi angoje tu, anaambiwa na sababu."

"Kwani kakosea?"

"Hajakosea! Lakini hayo ni yangu. Semina niliingia mimi, si yeye!"

Majirani walishatoka, wengine na vigoda vyao, maana ugomvi wa hawa wawili haukuwa wa kusikiliza umesimama.

Wawili hao walifanya kazi shirika moja la maji. Bi Mkogo alikaa mapokezi, Mama Vumbi alifagia. Yalipotangazwa mafunzo ya kuhudumia wateja, Bi Mkogo alichaguliwa kabla tangazo halijakauka gundi, kwa kuwa meneja ni mjomba wake. Mama Vumbi naye alikwenda kuomba, kajifunga kilemba kipya.

"Wewe ukifundishwa," meneja alimuuliza kwa upole, "nani atafagia?"

Tangu hapo donge likamkaa. Kicheko cha Bi Mkogo ukumbini kilimchoma, biskuti zake za saa nne zilimchoma, hata kikohozi chake alikiona cha maringo.

Baada ya chakula cha mchana wanasemina walisinzia, na yale waliyofundishwa yakawa yanawatoka masikioni, punje ndogo za kijivu kama mtama. Zilibingirika sakafuni na kuwaumiza waliovua viatu, kwa hiyo mkufunzi aliagiza ukumbi ufagiwe kila jioni. Chini ya kiti cha Bi Mkogo ndiko zilikojaa kuliko kwingine kote.

"Meza, shoga," tarishi alimnong'oneza Mama Vumbi. "Mimi nimemeza mbili tatu, sasa mteja mkali akija namtuliza mwenyewe."

"Mimi? Nile makombo ya yule? Thubutu!"

Akazibeba nyumbani na kummwagia kuku.

Kuku alianza kwa kusalimia watu kwa majina. Kisha akawapanga vifaranga foleni, mwenye shida kubwa mbele. Wiki haikuisha, mke na mume wa nyumba ya kona wakamletea ugomvi wao, akawasikiliza wote wawili bila kumkatiza mtu, wakaondoka wameshikana mikono. Ua ukajaa. Mama Vumbi alipenda nyumba yenye watu, akachemsha chai sufuria kubwa, lakini kila aliyebisha hodi aliuliza, "Mwenyewe yupo?" na hakuwa akimuulizia yeye. Usiku alimtazama kuku juu ya kiota chake, akaona hata anavyolala analala kwa majivuno.

Semina ilipokaribia kwisha, zikavuma habari kuwa mapokezi patawekwa kiti cha pili. Siku ya mwisho Mama Vumbi alijifungia ukumbini, akachota gao zima la punje chini ya kiti cha Bi Mkogo, akameza. Zilikuwa na ladha ya soli za viatu. Zilipotulia tumboni alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akaeleza haja yake kwa sauti ya chini, akamtazama machoni, akamshukuru kwa muda wake.

"Umesema vizuri mno," meneja alikiri. "Sijapata kusikia mtu akiomba vizuri hivi."

"Basi kiti nimepata?"

"Mama, si tulishaongea? Nani atafagia?" Akakuna kidevu. "Hivi yule kuku wako, anafagia?"

"Hafagii. Anachakura tu."

"Basi Jumatatu mlete."

Jumatatu kuku aliketi kiti cha pili, juu ya mto. Wateja walimpenda. Mmoja tu alinung'unika kwamba kuku anatoka kazini jua likizama, akaonyeshwa kuwa jambo hilo limo kwenye mkataba. Bi Mkogo alisogeza mafaili yake hadi ukingoni mwa meza, uso umemvimba, na kwa mara ya kwanza yeye na Mama Vumbi waliangaliana bila kurushiana neno. Kila mmoja aliona kwa mwenzake donge lilelile, akageuka upesi.

Mama Vumbi sasa alifagia hata manyoya.

Saa saba mlango wa chumba cha kulia ukafunguliwa, kile cha watu wa ofisini, ambacho Mama Vumbi huingia kikishakuwa kitupu. Meneja akasimama mlangoni, leso shingoni. Kuku alishuka kitini, akajitikisa, akaja taratibu katikati ya sakafu iliyofagiwa nusu. Mama Vumbi alimkazia macho kuanzia kishungi hadi kucha. Kisha akavuta ndoo pembeni, apate njia.

"Karibu, karibu ndani," meneja alimwambia kuku, akiinama kidogo. "Chakula kiko mezani."